Mlango wa Kasulo na Rula ya Baba

Mlango ulifika kwetu juu ya baiskeli. Ulikuwa umefungwa kwa kamba za mpira, vipande vitatu vikubwa na vingine vidogo ndani ya mfuko, na mwenyewe, mama mmoja, alitembea nyuma yake, mkono mmoja juu ya mbao, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Alikuwa ametoka nao mtaa wa Kasulo mpaka kwetu Kapata kwa miguu. Vumbi la barabara ya malori lilikuwa limemfanya mwekundu mpaka kwenye nyusi.

Mimi nilikuwa mahali pangu karibu na dirisha, nakata. Sikusimama. Mgeni akiingia katika atelie yetu, karakana ya useremala, mimi hukaza macho kwenye kazi, na kaka yangu ndiye husema karibu. Tumegawana hivyo tangu zamani. Yeye ana mdomo, mimi nina mikono.

Atelie yetu iko nyuma ya nyumba, moja ya zile nyumba za kampani zilizopangwa mistari, zote uso mmoja. Baba alipewa nyumba hiyo alipokuwa akifanya kazi fonderi, kiwanda cha kuyeyusha chuma. Kazi yake ilikuwa kuchonga kwa mti kila kitu ambacho wenzake wangekimwaga kwa chuma: magurudumu yenye meno, vifuniko vya mashine, mikono ya pampu. Mti wake uliwekwa ndani ya mchanga, ukatolewa, na chuma cha moto kikamwagwa pale ulipokuwa. Kazi hiyo ilipokwisha alirudi nyumbani na mikono yake, akaanza kutengeneza makabati, vitanda na meza. Na kwa sababu mkono uliozoea kuchonga meno ya gurudumu hauridhiki na kitanda, alianza pia ile kazi anayoiita marketri. Unachana mbao nyembamba kama ganda la daftari, za rangi mbalimbali, unakata kila rangi kwa umbo lake, unaviunganisha vipande ubavu kwa ubavu mpaka picha itokee, kisha unaigandisha yote juu ya meza au mlango wa kabati. Hakuna rangi ya kupaka. Nyekundu ni mti mwekundu, nyeupe ni mti mweupe, na kivuli unakipata kwa kuchovya ukingo wa kipande ndani ya mchanga wa moto mpaka uungue kidogo.

Mimi niliacha shule nilipomaliza darasa la sita, nikakaa karibu na baba, nikaona. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, yangu ilikuwa tayari. Leo yeye hukaa kwenye kiti chake pembeni na kusema, na mimi nakata. Kuandika kunanichukua muda mrefu, neno moja moja, lakini msumeno ule mwembamba kama uzi sihitaji kuufikiria. Unakwenda ninapotaka.

"Tata fundi iko?" yule mama aliuliza, akimtaka baba.

"Iko, mama. Ikala kwanza, uko na vumbi kama gunia ya madini," kaka yangu akamwambia, akamsogezea benchi.

Hakukaa. Alifungua kamba mwenyewe na kulaza vipande chini, kimoja kando ya kingine, mpaka tukaona kwamba ulikuwa mlango. Mulombwa, ule mti mwekundu mgumu, mzito, wa zamani, umepasuka katikati.

"Huu mulango, bwana yangu njo aliuchonga, mbele afe," alisema. "Wakati ile hakukuwa mashimo kule kwetu. Kisha jirani wa huku akachimba madini chini ya nyumba yake, na jirani wa kule akachimba chini ya yake, na nyumba yetu ikabakia juu ya hewa. Siku moya asubuhi mulango unakataa kufunguka. Ukuta umeuminya. Batoto beko ndani. Tukaupasua na shoka."

"Pole sana, mama," kaka alisema. "Basi tukutengenezee mulango mupya?"

"Mulango wa kufunga nini? Nyumba haiko tena, imebakia ukuta moya wa mbele. Mi ninaenda Kasaji, kwa bandugu yangu. Nataka meza. Na juu ya meza muniwekee nyumba yangu."

Kaka yangu alinitazama. Mimi nilikuwa tayari nimeacha kukata.

"Lakini musichanganye," mama akaendelea, na sauti yake ikawa ya mtu anayehesabu. "Ukuta, udongo, mbingu, byote bitoke mu huu mulango. Mabati na muti wa avoka, ile munaweza kutafuta fasi ingine. Lakini nyumba yenyewe, apana. Mukiniwekea mulombwa wa soko nitajua."

"Umesikia, mama?" baba aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nimesikia nini, tata? Si mi njo nasema?" yule mgeni akajibu.

Kaka yangu akacheka mpaka akashika meza. Baba alikuwa anasema nami. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo hajawahi kuniita kitu kingine.

"Ni yeye njo atakata," kaka akamweleza, akinionyesha kwa kidevu.

Yule mama aliniangalia kuanzia miguu. "Uyu? Anaongeaka?"

"Siku ya mvua."

Tulikuwa katikati ya kiangazi. Mama alitingisha kichwa, akasema lori la kumpeleka Kasaji litatoka siku ya posho, yaani Jumamosi, si hii wala ijayo bali ile ya tatu. Akagusa mbao mara ya mwisho na kuondoka na baiskeli tupu, kamba zake akatuachia.

Tulipouchunguza mlango vizuri, tuliona kwamba hauruhusu makosa. Shoka lilikuwa limepita mara nyingi. Ubao mmoja tu, wa katikati, ulikuwa mzima kutoka juu mpaka chini, na hata huo chini ulikuwa umeliwa na mchwa. Mbao nyingine zilikuwa na nyufa ambazo zingefunguka mara tu ukizichana nyembamba. Na ule ukanda wa pembeni, ambapo bawaba zilikuwa zimefungwa, niliutupa kwenye pembe pamoja na kuni. Ulikuwa na matundu ya parafujo, na kuzunguka kila tundu mti ulikuwa mweusi kama wino. Chuma na mulombwa havipatani. Vikikaa pamoja miaka mingi, chuma huutia mti weusi wake.

Mimi na kaka tulichana ule ubao kwa mkono, msumeno mkubwa, yeye upande huu na mimi upande ule, siku mbili. Tulipata majani matano. Moja lilipasuka tulipolishusha. Yakabaki manne, kila moja na nusu yake ya chini nyekundu iliyoiva, na ukingo wa juu wa njano hafifu, pale mti ulipokuwa bado kijana. Nilipoliinua la kwanza kwenye mwanga wa dirisha niliona kazi yote. Njano itakuwa mbingu. Nyekundu itakuwa udongo wa Kasulo. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Kesho yake nilipanda pikipiki nikaenda kuona nyumba. Mama alikuwa hayupo, lakini ukuta wa mbele ulikuwa umesimama peke yake, na nyuma yake kulikuwa na shimo lililofunikwa kwa mabati. Dirisha moja kushoto, nafasi ya mlango katikati, dirisha dogo kulia. Kisiki cha mparachichi. Nilihesabu hatua, nikachora kwenye daftari. Watoto walikuja kunizunguka.

"Uyu ni wa serikali," mmoja akasema.

"Apana, ba serikali banakuyaka na mutoka. Uyu alikuya na taksi-moto."

"We, unaandika nini?"

Niliendelea kuchora. Ningejibu, lakini maneno yangu huja wakati watu wameshaondoka.

"Ni bubu," yule wa kwanza akawaeleza wenzake, kwa huruma kabisa, na akakaa karibu yangu kunifukuzia nzi mpaka nikamaliza.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu bila hilo nisingeandika haya.

Picha ya namna hii ina sehemu mbili. Kwanza unachukua jani la nyuma, lile la mbingu na udongo, unakata ndani yake tundu lenye umbo la nyumba. Kisha unaijenga nyumba kando, ukuta, madirisha, mlango mdogo, mabati, na unaiingiza ndani ya tundu lake. Ikiwa umekata sawasawa, hata unywele hauingii katikati.

Siku niliyokata tundu, kaka yangu alikuwa amekwenda mjini kupima madirisha ya mtu, na metre alikuwa nayo, ile inayojikunja ndani ya kikopo chake. Sikutaka kumngoja. Juu ya kiti cha baba, kwenye msumari, kuna rula ndefu ya mti wa kahawia yenye vichwa vya shaba. Iko pale tangu sijazaliwa. Baba huipangusa vumbi kila Jumapili kabla ya misa, lakini sikuwahi kumwona akipima nayo. Baba alikuwa amelala. Niliitungua, nikapima upana wa sentimita arobaini na mbili na urefu wa ishirini na nane, nikairudisha, nikakata. Mkono ulikuwa umetulia siku hiyo. Kata yenyewe ilikuwa nzuri, mpaka leo nasema hivyo.

Kesho yake kaka alikuwa nyumbani na metre yake, na nyumba nikaijenga kwa hiyo. Ilinichukua siku sita. Ukuta niliuchagua pale ambapo mishipa ya mti ilikwenda wima kama matofali yaliyochirizikiwa na mvua. Mabati nilikata kutoka ubao wa kreti lililokaa nje mpaka likawa kijivu. Mlango mdogo nilikata kutoka pale karibu na tundu la ufunguo, ili mlango uwe mlango. Majani yote manne yalikwisha. Vilivyobaki vilikuwa vipande vya kidole, vyenye nyufa.

Jumatano ya juma la lori, niliiinua nyumba kwa viganja viwili na kuiweka mahali pake.

Ilicheza. Ilicheza kama jino la mtoto. Niliisukuma kushoto, kulia kukafunguka. Niliisukuma kulia, kushoto kukafunguka. Nafasi ilikuwa pana kuliko penseli. Juu pia palikuwa na nafasi, lakini juu haikuwa shida, mabati mama alituruhusu kuyatoa popote, ningeweza kukata mengine. Shida ilikuwa pembeni, kati ya ukuta na mbingu, ambapo mti wa mlango ulipaswa kugusana na mti wa mlango.

Nilichukua metre ya kaka. Nyumba ilikuwa arobaini na mbili kamili. Tundu lilikuwa arobaini na mbili na milimita nane. Nilipima mara tatu. Nilikumbuka mkono wangu ulivyotulia, na nikajua kwa hakika kwamba sikuteleza. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ukijua uliteleza, unajua ufanye nini.

"We uliota," kaka alisema. "Arobaini na mbili na milimita nane! Ulitaka ba mama bapitishe na kabati?"

Baba alisikia ukimya wangu. Ana sikio la kusikia nikinyamaza zaidi ya kawaida.

"Ulipima na nini, mama?"

Nilionyesha kwa kidole juu ya kichwa chake.

Baba aligeuka, akaangalia rula, akaniangalia mimi, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka kiti kikalia. Tangu mikono yake ilipoanza kutetemeka sikuwa nimemsikia akicheka namna ile, na katikati ya aibu yangu nilifurahi.

"Ile haiko metre ya meza," alisema alipopata pumzi. "Ile ni metre ya fonderi! Mama, chuma ya moto ikipoa inajikunjaka. Ukichonga muti wa sentimita makumi tano, gurudumu itatoka na makumi ine na kenda. Sasa banatupatiaka metre yenye inadanganya. Sentimita yake iko munene kidogo, kila moya, kidogo tu, jicho haiwezi kuona. Unapima na uongo, chuma inapoa, inatoka kweli."

Kaka aliitungua rula, akailaza kando ya metre yake. Mwanzoni zilikwenda sawa. Tulipofika kumi zilikuwa zimeanza kuachana. Tulipofika arobaini, moja ilikuwa imeitangulia nyingine kwa upana wa ukucha.

"Miaka yote hii," kaka alisema, "tunaikala na muongo ku ukuta, na Jumapili tunamupangusa."

"Haiko muongo," baba akasema. "Anangoja moto. Mulimupatia muti wenye ulishapoa zamani."

Kwa hiyo nilikuwa nimekata mbingu ya mama kama mtu anayengoja chuma kipoe. Nilirudi mahali pangu nikakaa. Jumatano ilikuwa inakwisha. Mama alikuwa amesema atapita Alhamisi kuona, na lori lilikuwa Jumamosi. Mlango ulikuwa mmoja, na ulikuwa umekwisha.

Alhamisi asubuhi kaka yangu alikuja na suluhisho ndani ya kifuniko cha kopo. Alikuwa amesaga jiwe la kijani, malakiti, lile ambalo mjini wanalipachika kwenye picha za shaba za kuuza kwa wageni.

"Changanya na kole, jaza pembeni zote mbili," alisema, akinisogezea kopo la gundi. "Itang'aa. Batu batasema tulifanya kusudi."

Nilikandamiza kidogo kwenye kipande kibovu, nikasugua kwa msasa. Ni kweli iling'aa. Kijani kando ya mulombwa ni kitu cha kupendeza macho, siwezi kusema uongo. Nilikuwa bado nimeshika kile kipande wakati mama alipoingia.

Aliona picha kwanza. Aliinama juu yake, na niliona kidole chake kikitafuta dirisha dogo la kulia. Kisha aliona nafasi. Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwangu.

"Ile ni nini?"

"Malakiti, mama," kaka akasema haraka, kwa sauti yake ya wateja. "Tutaweka pembeni kidogo, mapambo. Hautalipa kitu ingine."

Mama aliniondolea kile kipande mkononi, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii jiwe njo ilikula nyumba yangu," alisema. Hakupandisha sauti. "Ju ya hii jiwe jirani alichimba mpaka chini ya kitanda yangu. Mi naikimbia, munataka niipakie mu lori? Nikuwe nakulia bukari juu yake kila siku?"

Kaka yangu alikificha kifuniko cha kopo nyuma ya mgongo.

"Na hii fasi wazi, nani aliharibu?"

"Mama, unajua, muti unakaukaka," kaka akaanza. "Kiangazi hii, mbao inajikunja, hata fundi wa Ulaya..."

Alikuwa ananifunika. Amenifunika hivyo tangu utoto, na siku nyingine zote nimemwachia. Lakini mti ule haukuwa umejikunja. Mti ule ulikuwa umefanya kila kitu nilichouomba.

"Ni mi," nilisema.

Mama aligeuka. Nadhani alikuwa amesahau kwamba nina sauti.

"Ni mi njo niliharibu. Nilipima na metre ya tata, ya fonderi. Iko murefu kupita. Muti hauna kosa."

"Kumbe anaongeaka," mama alisema, lakini macho yake hayakucheka. "Na sasa? Utafanya nini?"

Usiku nilikuwa sijalala vizuri, na sikuwa na jibu nilipoamka. Jibu lilikuja pale, wakati ananiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeangalia chini kama kawaida yangu, na macho yangu yalikuwa yameangukia pembe ya kuni.

"Nitajaza na mulango."

"Mulango ulimalizika. Si mulisema ulimalizika?"

Nilikwenda kwenye pembe, nikaondoa kuni mbili, nikavuta ule ukanda wa bawaba. Niliupangusa kwa mkono wa blauzi, nikauweka mbele yake juu ya meza.

"Hii bado."

Alipitisha kidole kwenye matundu. Parafujo nne za juu, parafujo nne za chini, na kila moja na duara lake jeusi.

"Iko na matundu," alisema.

"Ndiyo."

"Na ni nyeusi."

"Ndiyo, mama. Ni chuma njo iliifanya vile. Haitatoka."

Nilijua nitaikataje. Ningempa vijiti viwili vyembamba, kimoja kila upande wa ukuta, kutoka chini mpaka mabati. Wala nisingekwepa weusi. Ningekata katikati ya matundu, ili weusi ukae ukingoni na uwe kivuli, ule mstari mweusi ambao kila nyumba huwa nao pembeni. Sikumwambia hayo yote. Yalikuwa mengi kwa mdomo wangu. Nilimwangalia tu machoni, na nadhani ilitosha.

"Haya," mama alisema, akavuta benchi, akakaa. "Kata. Mi naangalia."

Sikuwa nimewahi kukata mbele ya mteja kabla ya siku ile. Baba alisogeza kiti chake karibu. Kaka alishika ukanda usitikisike. Nilipima, na metre ya kikopo, mara mbili, na mama akapima mara ya tatu yeye mwenyewe kwa ukucha wa kidole gumba. Nikaweka msumeno.

"Bawaba ya juu ilikuwa inalia," mama alisema wakati nakata. Hakuwa anamwambia mtu. "Kila asubuhi. Bwana yangu alisema ataweka mafuta, ataweka mafuta. Mi nikamukataza. Ile njo ilikuwa inaniambiaka batoto balitoka."

Kijiti cha kwanza kilianguka mkononi mwangu. Kilikuwa kimebeba nusu mbili za matundu, zote nyeusi. Nilijaza hizo nusu kwa unga wa msumeno wa mlango wenyewe, uliochanganywa na kole, na kukisukuma mahali pake. Kiliingia kwa kulia kidogo, halafu kikanyamaza. Kijiti cha pili kilihitaji tupa mara tatu. Mabati nilikata mengine, makubwa kidogo, kuziba nafasi ya juu. Nilipomaliza, niliiinua picha nzima mbele ya mwanga wa dirisha. Hakuna mwanga uliopita.

Baba alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akapitisha kidole pale. Fundi aliyezoea kuchongea fonderi haamini macho. Alikwenda na kurudi.

"Hakuna kitu," alisema. Kwake yeye hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Tuligandisha picha mchana uleule, tukaifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, tukaweka juu yake ubao na vipande viwili vya reli ambavyo baba amekuwa akivitumia kama uzito tangu zamani. Ijumaa nilitoa karatasi kwa maji ya uvuguvugu na kusugua. Hapakuwa na muda wa verni ya kung'arisha mbao kukauka, basi nilipaka nta ya nyuki, kwa kiganja, mpaka mti ukapata joto. Kaka alifunga miguu. Saa kumi meza ilisimama katikati ya atelie, na nyumba ya Kasulo ilikuwa juu yake: mabati ya kijivu, mparachichi, mbingu ya njano, na pembeni mwa ukuta mistari miwili ya giza kama vivuli vya saa tisa.

"Ile metre nitaivunja," baba alisema.

"Apana," nilimwambia. Niliitungua, nikatia moto kwenye ncha ya msumari, na karibu na kichwa chake cha shaba nikachoma herufi nne, polepole, moja baada ya nyingine: MOTO. Kisha nikairudisha juu ya kiti chake. Iko pale mpaka leo, na Jumapili hupanguswa.

Jumamosi tulipeleka meza kwenye lori, mimi na kaka, tumeibeba kama machela. Lori lilikuwa limeshajaa magunia, baiskeli, magodoro na watu. Mama alikuwa juu, na watoto wake watatu. Dereva aliangalia meza, akapiga ulimi.

"Hii tunapindua. Miguu juu, tunafunga na kamba, mambo yameisha."

"Haitapinduka," mama akasema kutoka juu.

"Mama, meza yote inasafiriaka miguu juu. Ni vile."

"Hii nyumba ilishaanguka mara moya. Haitaanguka mara ya pili, na mi naangalia."

Watu walicheka. Dereva alisema lori si sebule. Mmoja wa abiria alisema basi mama aweke na viti, watu wale chakula njiani. Mama hakucheka na hakusogea. Aliniangalia mimi, si kaka yangu.

Nilipanda. Kulikuwa na watu kama thelathini, wote wananiangalia, na mimi ni mtu ambaye hupita nyuma ya nyumba ili nisisalimie kundi. Niliwaambia wawili wasogee. Nilimwambia kijana mmoja anipe godoro lake, na akanipa. Nilisimamisha meza juu ya magunia, nikakunja godoro pande mbili, nikafunga miguu minne kwa kamba za mpira, zilezile zilizofunga mlango siku ulipokuja kwa baiskeli. Nikaitikisa kwa mikono yote miwili. Haikucheza.

"Imeikala," nilisema, kwa sauti ya kutosha dereva asikie chini.

Mama alisogea akakaa kando yake, akatandika kitenge juu ya nyumba ili vumbi lisiingie, na akaweka mkono wake juu, pale ambapo chini ya kitenge kulikuwa na kile kijiti cha upande wa kulia. Nilishuka. Lori likawaka, likatoka kuelekea barabara ya Kasaji, na meza ilikuwa imesimama kwa miguu yake.